"HAKUTOA USHIRIKIANO"

SEHEMU YA 1

Wenye watoto wachanga najua mnasoma huku mnanyonyesha, kwa hiyo nakata vipande vipande, mtamalizia mkipata nafasi. Wiki hii siongelei chanjo wala uji wa lishe. Wiki hii nina hasira, na imetokana na maneno mawili tu: hakutoa ushirikiano.

Maneno hayo nimeyaona kwa macho yangu, yameandikwa kwa kalamu ya bluu juu ya faili la mama mmoja wa Uru, kule juu migombani. Ana miaka 31 na watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya. Anaumwa vali za moyo, ule ugonjwa ambao wengi wanaupata utotoni kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa, halafu ujauzito ndio unakuja kuufichua. Alikuwa anafuatilia fao lake katika ofisi moja. Ofisi siitaji na aina ya fao siisemi, maana Moshi ni ndogo na mwenyewe hataki kujulikana. Amenipa ruhusa ya kusimulia haya tu.

Ilikuwa hivi. Ofisi ilimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa wodini, amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, na ana mpira wa oksijeni puani. Mara ya pili simu ilikuwa nyumbani kwa mtoto wake wa miaka 7. Mtoto akasema "mama hayupo", akakata, kama alivyofundishwa kufanya kwa namba asiyoijua. Baada ya hapo ukaja ujumbe: afike ofisini YEYE MWENYEWE ndani ya siku 14, na nyaraka halisi. Ujumbe ule aliusoma siku ya 19. Akashuka kwa bodaboda mpaka lami, akapanda Hiace mpaka mjini, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, kila ngazi nne anasimama kuvuta hewa. Alipofika juu akaambiwa faili limefungwa. Kwa nini? Hakutoa ushirikiano.

Jamani. Mtu anayepumua kwa msaada wa mtungi, eti hakutoa ushirikiano.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nilikuwa nimemsindikiza, niko naye pale. Na niwe mkweli, karani hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, alimwita mama, alimpa pole na akamaanisha. Lakini alipogeuza faili kutuonyesha nikaiona fomu. Ina nafasi moja ya namba ya simu. Haina mahali popote panapouliza: ukiwa mgonjwa, tukutafuteje?

Swali hilo ndilo ninaloligombania. Kesho naendelea.

SEHEMU YA 2

Watu wakisikia habari za kumrahisishia mtu mawasiliano wanafikiria kiziwi na asiyeona. Ni kweli, na hao wenyewe bado hawajapata haki yao. Ila sisi wa wodini tunajua kwamba ugonjwa wa muda mrefu unafunga masikio na mdomo bila mtu kuwa kiziwi wala bubu.

Kisukari kikiharibu macho, ile meseji ya herufi ndogo kwenye simu ya tochi haisomeki. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu ana siku 3 za wiki zilizokwisha kugawanywa, kila siku kama saa 4 kwenye mashine, ukijumlisha safari ya kwenda na kurudi siku imeisha. Mwambie huyo "njoo Jumatano" na Jumatano ndiyo siku yake ya mashine, uone atachagua nini. Mwenye selimundu anaweza kuwa mzima Jumatatu na Jumanne analia kwa maumivu ya mifupa. Mwenye lupasi anachoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mwenye kifafa akitoka kwenye degedege anaweza kukujibu "ndiyo, ndiyo" kwenye simu na asikumbuke lolote baada ya saa moja.

Na kiharusi. Hapa naongelea nyumbani kwetu.

Baba yangu alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, na maneno yakaondoka. Akili ipo. Anajua nani anamdai mbege na nani amehamisha mpaka wa kihamba. Ukimpa ubao na chaki anaandika taratibu. Ila ukimwambia aseme jina lake, linakwama. Siku moja akapigiwa simu na ofisi ya mafao (nayo siitaji) kwa ajili ya uhakiki. "Mzee, taja majina yako matatu na tarehe ya kuzaliwa." Kimya. "Mzee, unanisikia?" Kimya. Baba anatoka jasho, ameshika simu kwa mkono mzima, macho yananitazama mimi. Mpigaji akasema mtandao mbaya, akakata. Nikapiga mimi. Nikaambiwa hawaongei na mtu mwingine, ni lazima mwenyewe.

Mnajua tulifanyaje? Kaka yangu akapiga akajifanya baba. Akakohoa kidogo, akakwaruza sauti kizee, akataja majina matatu na tarehe. Wakamwambia asante mzee, umehakikiwa.

Nimekaa na hilo muda mrefu. Familia ya watu wanaosali, mimi nesi mwenye leseni, na kwa siku ile tulikuwa matapeli ili baba apate hela yake HALALI. Najua hatuko peke yetu. Wewe unayesoma hapa, hebu jiulize kama hujawahi kuwa "mama mkwe" kwenye simu.

Halafu kuna mlima wetu. Mtu wa ofisini akiangalia kwenye ramani anaona kilomita chache kutoka Kibosho, Uru au Old Moshi mpaka mjini, anasema si hapo tu. Hajui kwamba kushuka ni kuzuri na kurudi ni kupanda. Mwezi wa nne, masika yamekolea, udongo ni sabuni, bodaboda wa kule juu anakushusha njiani anakwambia malizia kwa mguu dada. Mgonjwa wa moyo anamaliziaje kwa mguu?

Tena sisi wanawake ndio tuko katikati ya haya yote. Mfano TASAF. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, mara nyingi anayeandikishwa kupokea ruzuku ni mama, na baadhi ya masharti yake ni mtoto mdogo kuhudhuria kliniki na mkubwa kuhudhuria shule. Sawa, nayapenda, nimeona watoto wakiletwa kupimwa uzito ambao zamani tusingewaona. Lakini mama huyohuyo akilazwa wiki 3, mtoto akakosa kliniki, inabidi mtu akaeleze. Nani ataeleza? Bibi ambaye hajui hata siku ya mkutano? Kila mahali pa namna hii lazima pawe na njia ya mgonjwa kusema kabla hajahesabiwa kuwa mkaidi.

SEHEMU YA 3

Wengi mmeniandikia inboksi: "Dada nesi, lakini hilo si la kuomba tu wakipenda?" Hapana. Hebu tulia, hii ya leo ni kavu kidogo lakini isome.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 11, inazungumzia haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. MARADHI yametajwa humo humo. Nisikudanganye, ibara hiyo iko kwenye sehemu ambayo Katiba yenyewe, Ibara ya 7, inasema mahakama haiwezi kuisimamia moja kwa moja. Kwa hiyo huwezi kwenda kumshtaki mtu kwa Ibara ya 11 peke yake. Lakini unaweza kuitaja kwenye barua, na ofisa aliyeapa kuilinda Katiba ataisoma.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana, yasiyoleta mzigo kupita kiasi, ni ubaguzi. Na unaposema mawasiliano unataja hadi maandishi makubwa na lugha nyepesi. Mwaka uliofuata tukapata yetu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo haisemi ulemavu ni kukosa mguu. Inaangalia mtu anayebanwa asishiriki maisha ya kawaida sawa na wenzake, iwe kwa muda au moja kwa moja, na inatambua kwamba vizuizi vingine viko kwenye mitazamo ya watu na kwenye taasisi zenyewe. Mimi si mwanasheria, nasoma kama nesi. Ila mama wa vali za moyo aliyesimama kila ngazi ya nne, na ofisi iko ghorofa ya pili, na hakuna njia nyingine ya kuifikia, kama huyo hayumo kwenye maneno hayo basi sijui yaliandikwa kwa ajili ya nani.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanalijua jambo hili vizuri. Kule Sheria ya Usawa, nayo ya 2010, mwaka uleule kama yetu, inawataka watoa huduma na ofisi za umma kufanya marekebisho kwa mtu mwenye ulemavu, na ugonjwa uliodumu au unaotarajiwa kudumu miezi 12 unaweza kuhesabiwa humo. Saratani na VVU vinahesabiwa tangu siku ya kugundulika. Mgonjwa anaiandikia ofisi ya mafao: msinipigie, niandikieni; au nipigieni mchana tu; au mjulisheni na binti yangu. Sisemi kule ni peponi. Nasema sheria tumetunga mwaka mmoja, wenzetu wanaitumia kuandika barua na sisi tunaitumia kufanyia maadhimisho.

Na ile ya "hatuongei na mtu mwingine, ni siri ya mteja"? Siri naiheshimu, ndiyo kazi yangu. Tuna hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti. Lakini siri ni ya mgonjwa. Akiandika na kusaini kwamba mumpe taarifa mwanangu fulani, mwenye siri ndiye ameamua. Kumnyima ndugu taarifa huku karatasi ya ruhusa ipo mezani si kulinda siri.

SEHEMU YA 4

Leo ni zamu ya wabishi. Kuna kaka mmoja anafanya kazi ofisi za namna hii, kaniandikia kwa heshima, na mimi namjibu kwa heshima.

Anasema: mkilegeza, matapeli wataingia. Anakumbusha mwaka 2016 jinsi zilivyoondolewa kaya hewa kwenye ruzuku. Ni kweli, zilikuwepo na zilipaswa kuondolewa. Ila kaka, fikiria. Mgonjwa anakuomba uje nyumbani kwake umwone. Kaya hewa inaweza kuomba kutembelewa? Wewe unamwamini mtu aliyekuja kwenye dirisha kwa dakika mbili, na mwenzio wa kwenye simu aliamini kikohozi cha kaka yangu. Nani sasa ameacha mlango wazi?

Anasema hakuna bajeti. Meseji ni bei rahisi kuliko kupiga. Namba ya pili ya simu kwenye fomu ni mstari mmoja wa wino. Kuandika "mgonjwa, msifunge faili kabla ya kumtafuta ndugu" juu ya jalada ni dakika moja, mbona ile ya "hakutoa ushirikiano" iliandikwa? Kumtembelea mtu nyumbani ndiyo ghali, nakubali, na ndiyo maana haiombwi na kila mtu. Mtendaji wa kijiji yupo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo na wanapita nyumba hizohizo. Tumianeni.

Sasa nageuka kwenu, mama zangu, maana wabishi wengine mko huku. Kila nikiongea hili napewa ushauri uleule: "Tafuta mtu unayemjua ndani." Nami nimewahi kuutoa, kwa hiyo najisema pia. Lakini angalia unavyofanya kazi. Unampata mtoto wa jirani, yuko ofisini, anakusaidia, anakupigia simu yeye mwenyewe ukihitajika. Mungu ambariki. Baada ya miezi 8 anahamishwa Singida. Faili lako limebaki vilevile kama siku ya kwanza, maana msaada wote ulikuwa kwenye kichwa chake na kwenye simu yake, haukuandikwa popote. Na mama wa jirani asiye na mtoto ofisini amekosa tangu mwanzo.

Wengine mnaomba kwa machozi. Siwalaumu, machozi yanatoka yenyewe. Ila ukilia, karani anakuonea huruma leo. Kesho kuna karani mwingine.

Na sisi manesi tumo, tusijifiche nyuma ya sare. Ni mara ngapi tumeita majina kwa sauti moja ya haraka kwenye korido, mzee asiyesikia vizuri akapitwa na zamu, tukamwambia "tulikuita baba, hukuitika"? Ni mara ngapi tumemwandikia mtu tarehe ya kurudi kwenye karatasi kwa mwandiko ambao hata sisi wenyewe tunaubishania? Mama wa Uru nilimtoa wodini mimi. Nilimweleza dawa ya kupunguza maji, nilimweleza chumvi, nilimweleza uzazi wa mpango. Sikumuuliza: simu yako anapokea nani ukiwa mgonjwa? Tangu mwezi uliopita nauliza kila mmoja. Majibu yananitisha.

SEHEMU YA 5

Mmeomba barua, hii hapa. Nakilini kwa mkono, karatasi mbili zinazofanana.

Kichwa: YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA NJIA YA MAWASILIANO KWA SABABU YA UGONJWA WA MUDA MREFU

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Wakubwa wanapenda hilo, acheni liwepo.) Mimi ni mnufaika namba ____. Nina ugonjwa wa muda mrefu, barua ya daktari nimeambatisha. Kuna siku siwezi kupokea simu, siwezi kuongea kwa muda mrefu wala kusafiri. Kwa hiyo naomba yafuatayo yaandikwe kwenye faili langu: nitumiwe ujumbe wa maandishi badala ya kupigiwa, kila ujumbe utumwe pia kwa ____, namba ____, ambaye nimemruhusu kupokea taarifa zangu, nipewe muda usiopungua siku 30 kujibu, inapolazimika nionekane mwenyewe, nitembelewe nyumbani au ofisi ya kijiji, na faili langu lisifungwe kabla ya mtu niliyemtaja kupatikana. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Chagueni yanayowahusu, msiombe yote kama hamuyahitaji. Anayeona vibaya aombe herufi kubwa. Aliyepata kiharusi aombe asihakikiwe kwa sauti. Siku 30 nimeweka mimi, wewe weka zinazokutosha.

Barua ya daktari si lazima itaje ugonjwa. Inatosha iseme una hali ya muda mrefu inayokuzuia kufanya hiki na hiki. Hii ni muhimu sana kwa mnaotumia dawa za VVU na hamtaki karani ajue. Mwambieni daktari waziwazi: andika kinachonishinda, usiandike jina la ugonjwa. Akikataa, muulize nesi wa kliniki akusaidie kumwelewesha.

Peleka masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri hujapeleka kitu. Kama huwezi kushuka, mtume mtu, barua haihitaji miguu yako. Kimya kikizidi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na nakala hiyo. Kwa Moshi kuna KWIECO, wamekuwa wakiwasaidia wanawake kisheria miaka mingi. Na kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inapokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Nimewahi kuona barua ikijibiwa siku ya pili baada ya kutajwa tu kwamba nakala inaenda huko, sijui ni kwa nini (najua).

Mnauliza mama wa Uru amefikia wapi. Tuliandika barua hiyo tukiwa tumekaa kitandani kwake, mtoto ananyonya, yeye anataja mimi naandika, maana akiandika mikono inamchoka. Mume wake ndiye wa namba ya pili. Faili limefunguliwa tena. Malipo ya miezi ile lilipokuwa limefungwa bado hatujaambiwa lolote, na hayo siyaachi. Juu ya jalada wamekata yale maneno mawili kwa mstari mmoja, bado yanasomeka, na pembeni wameandika namba ya mume. Wiki iliyopita ujumbe ulikuja kwa simu zote mbili. Alikuwa amelazwa tena. Mume akajibu siku hiyohiyo.

Baba naye tumemwandikia. Sahihi ameweka mwenyewe kwa mkono wa kushoto, imechukua dakika kumi na hakutaka kushikwa mkono.

Alhamisi niko zamu ya usiku, kwa hiyo mchana nitakuwa mjini. Mwenye barua tayari anitumie picha niisome kabla hajaipeleka. Funikeni namba ya mnufaika na kidole.